Kamera ya Umoja, Betri ya Mtu

Kamera ilikuwa ya umoja, betri ilikuwa ya mtu. Huo ndio uliokuwa mkataba mzima wa wapiga picha wa kijiwe cha sokoni, Morogoro mjini, na katika muda wote nilioishi kwa mama mdogo baada ya kumaliza chuo sikukutana na mwanachama hata mmoja aliyeona kuna la kuuliza hapo. Mimi niliuliza. Kwa nini mtu akabidhiwe kamera ya watu wote ikiwa haina betri, kama gari lililoshushwa injini? Nikajibiwa kwamba umeme wa kuchajia kila mtu ananunua kwake, na kwamba wakati wa mgao kuna mitaa inayopata umeme mchana na mingine inalala nao, kwa hiyo betri ya mtu ni jasho la mtu. Zamu yako ikiisha unachomoa betri yako na kadi yako, unakabidhi kamera tupu. Anayepokea, akikuta umesahau betri yako ndani, anaichomoa yeye na kukurudishia kwa mikono miwili. Asipofanya hivyo hana adabu, sawasawa na mtu anayerudisha sufuria ya jirani bila kuiosha.

Nilikuwa nimesomea sosholojia, kwa hiyo sikuwa na kazi. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alinipa chumba cha uani nyumbani kwake Bigwa, na mimi nikamlipa kwa kubishana na kila mtu aliyemfahamu. Alikuwa mwanamke pekee pale kijiweni. Tangu enzi za filamu alikuwa akipanda milimani na kamera begani, kupiga picha za ubatizo, komunyo na ndoa katika vijiji vya misheni, kule kwenye ukoo wa mama yake ambako watu wanalima kabichi na karoti kwenye miteremko ambayo mbuzi angeifikiria mara mbili. Mjini alikuwa mpiga picha mmoja kati ya wengi. Kule juu alikuwa ndiye mpiga picha.

Miaka ile tuliambiwa kila kitu kimefunguliwa. Soko lilikuwa huria, simu zilikuwa huria, redio zilikuwa nyingi kuliko habari. Viwanda vya mji wetu vilikuwa vimefungwa au kuuzwa, na wanaume waliotoka huko walikuwa wakitafuta kitu cha kushika mikononi. Baadhi walishika kamera. Mwenyekiti wa kijiwe alikuwa mmoja wao. Kiwandani alikuwa kiongozi wa kitu fulani, sikuwahi kuelewa cha nini, na alitoka huko bila ujuzi wowote isipokuwa kufungua kikao, kuahirisha kikao na kushukuru wajumbe. Picha alizopiga zilikatwa vichwa. Lakini wanachama walipochangishana wakaagiza kamera ya dijitali, kubwa, nyeusi, ya kubadili lenzi, kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa akienda Dubai, ni yeye aliyeipokea kwa hotuba. Kitabu cha maelekezo kilikuja ndani ya mfuko wa nailoni. Mwenyekiti alikitunza ndani ya mfuko huo huo, bila kuufungua, ili kisichafuke.

Ugonjwa ulianza wanachama walipohamia kadi kubwa, zile zilizoanza kumwagika madukani zikiwa na nafasi ya picha nyingi. Ukipiga picha mbili tatu za haraka, kamera ilitulia. Ukipiga mfululizo, iliganda. Taa ndogo nyekundu ilikaa imewaka, vitufe havikusikia, na wewe ukabaki umeinama mbele ya maharusi kama mtu aliyepatwa na mgongo. Baadaye ilizinduka yenyewe, lakini picha za mwisho zilikuwa zimekwenda.

Kila mtu alikuwa na nadharia. Mwenyekiti alisema ni joto la Morogoro. Jamaa mmoja aliyekuwa akipiga picha stendi ya Msamvu alisema ni vumbi la mabasi. Mzee wa kijiwe, ambaye zamani alikuwa na studio yenye pazia lililochorwa ndege, na watu wakikaa mbele ya ile ndege wametulia kama wamekata tiketi, alikuwa na maelezo yaliyopendwa kuliko yote.

"Kamera ya filamu," alisema, "ulikuwa unavuta filamu kati ya picha na picha. Inapumua. Hii mnaibana pumzi."

Likapitishwa azimio: kamera ipumzishwe kila baada ya picha chache. Walipiga makofi. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya duka la magodoro lililotupa kivuli, na nikajiuliza kama azimio hilo limetumwa nakala kwa kamera.

Kupumzisha kamera kunawezekana kama unapiga picha za pasipoti. Kwenye misa haiwezekani. Katika komunyo ya kwanza ya parokia moja ya mlimani, kamera iliganda katikati ya mstari wa watoto, ikiwa mikononi mwa mama mdogo, na ilipozinduka watoto kadhaa walikuwa wameshapita mbele ya padre. Picha zao hazikuwepo. Mama wa mmojawapo alimsimamisha nje ya kanisa mbele ya watu.

"Nimemshonea nguo nyeupe mwaka mzima," alisema. "Wewe umenipigia picha ya mgongo wa padre."

Mama mdogo alifunika lenzi. Lakini kamati ya parokia ilijibu kwa niaba yake. Mwezi uliofuata askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, watoto wa vigango vyote wakikusanyika, na kamati ikamwambia wazi: tunakupa kipaimara hiki kwa sababu wewe ni binti yetu; kikiharibika, tunamchukua yule wa studio ya mjini mwenye video, na kuanzia hapo atakuwa yeye. Mama mdogo alirudi Bigwa na habari hiyo akaila na ugali wake. Kwake haikuwa kazi moja. Zilikuwa kazi zote za mlimani, na zaidi ya kazi, lilikuwa lile jambo la kupanda kwenye kijiji cha mama yake watu wakimpisha njia kwa sababu amekuja na kamera.

Ndipo nilipomwomba mwenyekiti kitabu cha maelekezo. Aliniuliza nataka cha nini. Nikasema kusoma. Alifikiri kama kuna mtego.

Kitabu kilikuwa na lugha nyingi, Kiswahili kikiwa hakimo, na mwishoni mwa sehemu ya Kiingereza kulikuwa na kurasa chache kuhusu programu ya ndani ya kamera. Kamera ya dijitali, kilieleza, ni kompyuta yenye lenzi. Ndani yake mna programu inayoiambia namna ya kuandika picha kwenye kadi. Kiwanda kinapogundua kasoro kinatoa toleo jipya, na mwenye kamera anaweza kuliingiza mwenyewe. Nilikwenda kwenye kafe ya intaneti, nikafungua ukurasa wa kiwanda, nikakuta kasoro yetu imeandikwa pale kwa sentensi moja tulivu: toleo jipya linaondoa tatizo la kamera kuganda inapotumia kadi za nafasi kubwa. Sentensi moja. Watu wazima walikuwa wamefanya vikao juu ya joto, vumbi na pumzi.

Kijana wa kafe alikuwa amesimama nyuma yangu. Kijana yule alisimama nyuma ya kila mteja, ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Hiyo mbona simpo, bro," alisema. "Mimi nina sidii inaapdeti kamera zote."

"Kamera zote za kampuni zote?"

"Zote. Hata simu."

"Hata redio?"

"Redio sijajaribu," alisema, kwa unyofu kamili.

Kitabu kilisema kinyume chake. Kila modeli ina faili lake, na kuitilia moja faili la mwenzake ni kuiua kamera. Kiwanda kilikuwa kimetengeneza kamera mbili zinazofanana kama pacha, zimetofautiana kwa herufi moja tu mwishoni mwa jina, na jina kamili liliandikwa chini ya kamera. Nikaenda kijiweni kulisoma. Chini ya kamera nikakuta karatasi ya gundi imebandikwa, imepigwa mhuri: MALI YA UMOJA. Ilifunika jina lote. Nilipoanza kuichokoa na ukucha, mwenyekiti alinishika mkono.

"Hiyo lebo imebandikwa na kikao."

"Nataka kuona kamera inaitwaje, mwenyekiti."

"Inaitwa mali ya umoja. Huoni?"

Ilibidi mama mdogo aahidi kubandika nyingine kwa mkono wake. Herufi ya mwisho ilikuwa ile niliyoihofia, ya yule pacha wa pili. Kama ningepakua faili la kwanza nililoliona, hadithi hii ingekuwa fupi.

Kupakua kwenyewe kulikula siku. Laini ya kafe ilikatika kila gari kubwa lilipopita, au ndivyo kijana alivyoeleza, na faili likaja nusu. Ukurasa ulikuwa umeandika ukubwa halisi wa faili, kwa hiyo nililinganisha, nikalifuta, nikaanza upya, hadi namba zilipokubaliana. Kisha kadi. Kompyuta za kafe zilikuwa na virusi vya kila aina. Ukichomeka kadi safi inatoka na mafaili yenye majina ya matusi. Nilihama kiti hadi kiti, kadi nikiisafisha ndani ya kamera yenyewe kila mara, mpaka nikapata kompyuta iliyoirudisha kadi ikiwa na kitu kimoja tu ndani yake, na kitu hicho kikiwa peke yake, hakimo ndani ya folda yoyote, kama kitabu kilivyotaka.

Kilichobaki kilikuwa rahisi: betri iliyojaa, kadi ndani, uchague kuingiza programu kwenye menyu, kisha uiache kamera mezani bila kuizima wala kuifungua hadi iseme imemaliza. Mtoto anayejua kukaa kimya angeweza. Lakini kamera haikuwa ya mtoto, ilikuwa ya umoja.

"Msomi," mwenyekiti aliniita. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. "Hiyo programu ya zamani ikitoka, halafu mpya ikagoma kuingia?"

"Kamera itakufa."

Lilikuwa swali pekee la maana nililowahi kumsikia akiuliza, na hakulivumilia muda mrefu.

"Basi lazima ife mbele ya wanachama wote," alisema. "Uwazi."

Uwazi lilikuwa neno la miaka ile. Kila aliyekuwa na kitu cha kuficha alilitumia. Kwake yeye lilimaanisha kwamba mimi na mama mdogo tusije tukajifungia chumbani na mali ya watu. Kwa hiyo siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, wanachama walikusanyika chini ya kivuli cha duka la magodoro, meza ikatolewa, kitambaa kikatandikwa, kamera ikawekwa katikati kama maiti ya mtu mwenye cheo. Mwenyekiti alifungua kikao. Nilipewa dakika chache za kueleza. Nikasema maneno ambayo hadi leo nayaona ni Kiswahili sanifu kisicho na kona: kuanzia sasa mtu yeyote asiguse kamera.

Ikatumika betri ya mama mdogo, iliyojaa, kwa sababu yeye ndiye mwenye shida. Nikabonyeza. Kwenye kioo cha nyuma yakatokea maandishi kwamba faili linakaguliwa, na mstari mwembamba ukaanza kutambaa kutoka kushoto.

Mtu mmoja hakuwapo. Mzee wa studio alikuwa Turiani kwenye msiba wa mkwewe tangu mwanzoni mwa wiki, na zamu yake ya kamera ilikuwa inaanza Alhamisi hiyo mchana. Alishuka kwenye basi Msamvu, akapanda hadi sokoni moja kwa moja na mfuko wake wa nguo, akatutokea nyuma.

"Shikamoo mzee!" Kijiwe kizima kiligeuka. "Pole sana, mzee. Pole na msiba. Poleni huko."

"Marahaba, marahaba. Tumeshapoa. Tumemzika jana."

Mikono ikaanza kupeanwa. Hakuna mtu pale ambaye angempokea mzee kutoka msibani huku akiangalia kimstari kwenye kioo, na mzee naye hakuwa mtu wa kufika mahali akasimama bure. Aliinamia meza huku bado anapokea pole kwa mkono mmoja, akaona kamera, akaona ni zamu yake, akahisi ndani mna betri ya mwenzake. Vidole vyake vilijua kazi. Kifuniko kikafunguka, betri ikatoka, na akamwelekea mama mdogo, sasa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Betri yako hii, mama."

Kioo kilikuwa cheusi.

"Mzee!" nilipiga kelele. "Nimesema mtu asiguse kamera!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Sijagusa kamera, mwanangu. Nimetoa betri tu."

Na hapo ndipo nilipoelewa nipo na watu gani, maana hakuna aliyecheka wala kushtuka. Walimwelewa. Waligeuka wakanitazama mimi, kijana aliyempigia kelele mzee mwenye msiba, na jamaa wa stendi akasema, "We vipi? Kwani betri ni kamera?"

Mama mdogo alikuwa ameishika betri yake mkononi. Uso wake ulikuwa umekwenda mahali ambapo sikutaka kuuona. Kipaimara kilikuwa Jumapili. Aliirudisha betri ndani, polepole, akafunga kifuniko, akawasha.

Kamera iliwaka. Nilifungua menyu, nikasoma namba ya toleo: ile ile ya zamani. Mstari ulikuwa bado kwenye ukaguzi. Programu yenyewe ilikuwa haijaanza kuandikwa. Kama mzee angekawia kwenye salamu za watu wawili watatu zaidi, tungekuwa na jiwe zuri jeusi lenye lenzi.

Nilijaribu kulieleza hilo. Ulikuwa upumbavu, kwa sababu mwenyekiti alisikia nusu aliyoihitaji.

"Kwa hiyo ilikuwa inaelekea kufa," alisema.

"Hapana. Ingekufa kwa sababu ya..."

"Ilikuwa inaelekea kufa, mzee akaiwahi." Aliwageukia wanachama. "Mmeona wenyewe. Hiyo ndiyo faida ya uwazi."

Walimpigia mzee makofi. Mzee aliyapokea kwa unyenyekevu, akiwa bado anafikiria marehemu wake. Likapitishwa azimio la pili: programu ya kamera isiguswe tena na mtu yeyote. Kikao kikafungwa. Wajumbe walishukuriwa.

Jumamosi asubuhi zamu ya mama mdogo ilianza, hadi Jumapili jioni. Tulipata pikapu ya wauza mboga iliyokuwa inarudi juu tupu, ikatufikisha mwisho wa barabara, na sehemu iliyobaki tukapanda kwa miguu. Wanawake waliokuwa wakishuka na matenga ya karoti vichwani walitupisha, na kila mmoja alimwuliza mama mdogo swali lile lile kwa Kiluguru: safari hii inafanya kazi? Aliwajibu kwamba inafanya. Nilikuwa nyuma yake nimebeba begi, na nilijua haifanyi.

Tulifikia kwa binamu yake, nyumba ya matofali iliyo hatua chache kutoka kanisani. Tulipokunywa uji, mama mdogo alinitazama.

"Ile kadi yenye lile faili unayo?"

"Ninayo. Lakini azimio..."

"Zamu yangu," alisema. "Betri yangu. Una uhakika itaingia?"

Hapo lazima niseme kwamba swali lake lilinikuta vibaya. Mjini nilikuwa na uhakika wa kuwagawia watu. Pale, kesho yake ikiwa ndiyo kipaimara na kamera nyingine haipo ndani ya mlima mzima, uhakika ulikuwa umekwenda zake. Ikifa leo, kesho atasimama kanisani mikono mitupu. Ikibaki kama ilivyo, itaganda mbele ya askofu.

"Sina uhakika," nikasema. "Nina kitabu."

"Kitabu kinasemaje?"

"Betri ijae, na mtu asiiguse."

"Mtu asiiguse," alirudia, akaangalia mlango.

Mlango ndio uliokuwa tatizo. Nyumba ya kule haifungwi mgeni akiwa ndani. Mgeni akifika, jirani anaingia, anakaa, anashika alichokuja nacho mgeni, anakigeuza na kuuliza bei. Begi la mama mdogo lilikuwa limeshapekuliwa na macho ya nusu ya kijiji tangu tulipokata kona ya mwisho. Basi aliiweka kamera juu ya gunia la maharage chumba cha ndani, akaniweka mimi pale, akavuta kigoda na kukaa katikati ya mlango wa nje, miguu ameinyoosha, khanga ameitanda kutoka nguzo hadi nguzo.

Nikabonyeza. Faili linakaguliwa. Mstari ukaanza.

Kutoka nje nikasikia mgeni wa kwanza, mwanamke mtu mzima kwa sauti yake.

"Hodi humo!"

"Karibu, shangazi. Shikamoo. Nisalimie hapo hapo."

"Marahaba. Hapo hapo wapi? Nipishe niingie."

"Siinuki, shangazi. Mguu."

"Mguu umefanya nini? Si umepanda nao sasa hivi?"

"Ndiyo umechoka."

Akafika wa pili, kisha wa tatu. Kioo kiliniambia ukaguzi umekwisha na programu inaandikwa. Hiyo ndiyo sehemu isiyo na kurudi. Huko mlangoni sauti zilikuwa zimeongezeka.

"Amefunga mlango na nyumba si yake!"

"Mjini kumemharibu huyu. Zamani alikuwa anasalimia watu."

"Au kuna mwanamume humo ndani?"

"Kuna mtoto wa dada yangu," mama mdogo alisema.

"Sasa mtoto wa dada yako ana nini asichotaka tukione? Ana upele?"

Walicheka sana. Mama mdogo naye alicheka, bila kusogeza mguu hata kidogo. Alimnyima shangazi yake mlango, jambo ambalo kule linaweza kusemwa hadi kwenye maziko yako, na akamnyima kwa tabasamu, huku nikiuona mgongo wake umekakamaa kama ubao. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gunia la maharage. Sikuwa nimepiga magoti mbele ya kitu chochote tangu nilipoacha kwenda misa.

Mstari ulifika mwisho. Kamera ikaandika kwamba imekamilisha na kwamba iwashwe upya. Niliizima, nikaiwasha, nikafungua menyu. Namba ya toleo ilikuwa mpya.

"Mama mdogo," nikaita, "mguu umepona."

Aliinuka, na shangazi na wenzake wakaingia kwa mkupuo, wakaikuta kamera juu ya maharage. Mama mdogo akaweka ile kadi kubwa, akawaelekezea kamera na kubonyeza bila kuachia. Ikapiga, ikapiga, ikapiga. Taa nyekundu ilimeta na kuzima. Picha zote zilikuwemo: shangazi amekasirika, shangazi anashangaa, shangazi anapanga khanga yake aonekane vizuri.

Jumapili watoto walipanga mstari kanisani, wasimamizi wamewawekea mkono wa kulia begani, na askofu akapita paji kwa paji na mafuta yake. Sikuwa na la kusema juu ya askofu, wala mafuta, wala neno la uzima wa roho. Nilikuwa nimebeba begi. Nilikuwa naangalia taa nyekundu tu. Mama mdogo alirudi kinyumenyume mbele ya mstari ule wote, picha baada ya picha, na taa haikuganda hata mara moja. Nje, katekista alikuja akapindua shingo kutazama kioo, akaomba kuona mtoto wake, kisha wa jirani yake, kisha akasema Pasaka kuna ndoa za pamoja, na kwamba yule mtu wa video hawamhitaji.

Jumatatu tulirudi kijiweni. Mama mdogo alikuwa ameshachapisha picha chache kuzionyesha, na wanachama walizipitisha mkono kwa mkono. Mstari mzima wa watoto, hakuna pengo.

"Haikuganda?" mwenyekiti aliuliza.

"Haikuganda."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na namba ya toleo kichwani, nilikuwa na ukurasa wa kitabu, nilikuwa na hotuba nzima juu ya joto, vumbi na pumzi, ambayo nilikuwa nimeitunga njia nzima ya kushuka mlima. Mama mdogo alinikanyaga mguu. Hakunigusa kwa bahati mbaya, alinikanyaga kwa kisigino.

"Mnaona?" mwenyekiti aliwaambia wanachama. "Tangu mzee ameichomoa betri ile Alhamisi, kamera imetengemaa. Mkono wa mzee."

Wakamtazama mzee. Mzee alitazama mkono wake, na nadhani kwa mara ya kwanza alianza kuuwazia. Pale pale likapitishwa azimio la tatu: kamera ikipanda mlimani kwenye shughuli kubwa, mzee aende nayo, akae karibu.

Njiani kurudi Bigwa nilimwambia mama mdogo kwamba ameuacha ujinga ushinde mbele ya macho yangu. Kwamba sasa watu wazima watatembea na mganga wa kamera. Kwamba angeweza kusema ukweli kwa sentensi moja.

"Nikisema, nimevunja azimio," alisema. "Nikivunja azimio, wananinyima zamu. Nikikosa zamu, Pasaka napanda na nini? Na kitabu chako?"

"Na huyo mzee je? Utampandisha mlima ule kwa ajili ya upuuzi?"

Alitazama juu mlimani.

"Pasaka mvua zinakuwa nyingi," alisema. "Acha aje. Atanishikia mwavuli."

Na alikwenda. Alipanda na shati jeupe na viatu vya studio, akipumzika kila kona, akipokea shikamoo za wauza karoti kama mtu aliyeitiwa jambo zito. Mvua ilinyesha kuanzia injili hadi maharusi wa mwisho walipotoka nje, na kamera ikapiga picha bila kuganda, mzee akiwa amesimama nyuma yake kwa uso wa daktari. Alikuwa hajui anachokifanya, na hakuna aliyemwambia. Lakini mwavuli aliushika vizuri. Hakuna tone lililoigusa lenzi.